KUNOA NA KUTUNZA VYOMBO VYA KAZI YA NGOZI

(Somo la kazi za mkono, kwa madarasa yote)



Safari hii ukurasa wa masomo hauko juu ya sarufi. Uko juu ya kisu, sindano na jiwe. Wengine watasema: ah, kunoa kisu, nani hajui? Hata mtoto anajua. Basi mwenye kusema vile aende kwenye chumba cha kazi, achukue kisu cha kwanza atakachokiona mezani, ajaribu kukata kipande cha ngozi ya mbuzi kwa mstari ulionyooka. Akimaliza arudi kusoma somo hili kwa utaratibu.

1. Kwa nini somo hili

Kwanza, miguu. Katika nchi yetu ya Kasongo na Kabambare mtu anatembea. Anatembea shambani, sokoni, mtoni, shuleni, tena wakati wa mvua njia inakuwa matope matupu. Minyoo ya safura inaingia mwilini kwa ngozi ya mguu usio na kiatu. Funza nao wanajua kazi yao. Kidonda kidogo cha mguu kinaweza kumlaza mtu mzima. Wale waliosoma historia wanajua jina la David Livingstone. Mwaka 1870 alirudi Kabambare, yeye aliandika Bambarre, akiwa na vidonda vya miguu, na vidonda vile vikamfunga ndani ya nyumba siku 80 hivi. Aliondoka kwenda Nyangwe mwaka 1871 tu. Kama mguu ulimsimamisha mtu wa safari kama yule, sisi tuseme nini?

Pili, pesa. Tangu 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali yalitangazwa kuwa bure, lakini sisi wa sekondari bado tunalipa. Kati yetu wako wanaoshona viatu na mikoba wakati wa likizo ili wapate minervali. Kwa mwanafunzi wa namna ile, kisu butu ni deni.

Tatu, ngozi yenyewe ni chache. Huku kwetu bondeni mbung'o ni wengi, kwa hiyo ng'ombe ni wachache. Ngozi tunayopata zaidi ni ya mbuzi na kondoo, na ngozi nzito ya ng'ombe inatoka mbali, upande wa milima. Ukikata vibaya kwa sababu kisu kimeteleza, huwezi kuunganisha tena. Ngozi sio udongo wa kufinyanga.

Nne, vidole. Watu wanafikiri kisu kikali ndicho cha hatari. Kisu kikali ni cha hatari, ndiyo, lakini kisu butu kimezidi. Kisu kikali kinakwenda pale unapokipeleka. Kisu butu unakisukuma kwa nguvu zote, kinakataa, kinakataa, halafu kinaruka ghafula, na mkono wa kushoto uko pale mbele unashika ngozi.

2. Vyombo vyenyewe

Fundi viatu wa kwetu hana vyombo vingi. Ukimtazama chini ya mwembe au kwenye baraza karibu na soko, utaona hivi:

(a) Kisu cha kukatia. Mara nyingi kimetengenezwa na msumeno wa chuma uliovunjika, au na kipande cha springi ya gari kilichofuliwa na mhunzi.

(b) Sindano yenye mpini, ile ya kutobolea na kuvutia uzi. Watu wa pwani wanaiita msharasi. Huku wengi wanaitengeneza kwa njiti ya gurudumu la kinga.

(c) Kitoboleo, yaani bomba dogo la chuma lenye mdomo mkali, kwa matundu ya mikanda na kamba.

(d) Nyundo, koleo, na mguu wa chuma wa kupigilia viatu.

(e) Tupa, msasa (papie veri), na jiwe la kunolea.

Kazi hii ni ya zamani sana. Kule Misri, katika kaburi la mkubwa mmoja wa serikali aliyeitwa Rekhmire, mwenye kuishi zaidi ya miaka 3400 iliyopita, kuna picha ukutani za mafundi wa ngozi, na kisu chao kina umbo la mwezi mchanga. Mpaka leo mafundi wa ngozi wa nchi nyingi wanatumia kisu cha umbo lile. Kwa hiyo msione haya kujifunza kazi hii. Ilikuwa kazi ya watu kabla ya penseli.

3. Makali ni kitu gani?

Makali ni mahali ambapo mabapa mawili ya kisu yanakutana. Yakikutana vizuri, ukingo unakuwa mwembamba sana. Yakiliwa na kazi, ukingo unakuwa mviringo, na hapo tunasema kisu ni butu.

Sasa tuingie katika fizike. Presio ni nguvu igawanywe kwa eneo. Tuseme unakandamiza kisu kwa nguvu ya niutoni 40, na urefu wa makali unaogusa ngozi ni milimita 50. Kama ukingo una unene wa milimita 0.1, eneo ni milimita za mraba 5, na presio ni paskali 8,000,000. Kama ukingo una unene wa milimita 0.01, eneo ni nusu ya milimita ya mraba, na presio ni paskali 80,000,000. Mkono ni ule ule, chakula cha asubuhi ni kile kile, lakini presio imezidi mara kumi. Aliyenoa amepata nguvu za watu kumi bure.

Wanafunzi wengi wanakumbuka Mhubiri sura ya 10, mstari wa 10, juu ya chuma kisichonolewa na nguvu zinazopotea. Hesabu tuliyofanya hapa inasema jambo lile lile kwa tarakimu.

4. Jiwe

Mwenye jiwe la dukani lenye pande mbili, moja la kukwaruza na moja laini, ana bahati. Asiye nalo atafute jiwe la mtoni. Jiwe zuri lina punje ndogo zilizo sawa, halina nyufa, na ukilipitisha kucha unasikia kama msasa laini. Lenye punje kubwa zinazong'aa litakwangua kisu, halitakinoa.

Jiwe liwe sawa juu. Likiwa na shimo katikati kama kitanda cha zamani, kisu nacho kitapinda makali. Kulisawazisha ni kazi nyepesi: mwaga mchanga laini na maji juu ya saruji iliyo sawa, lalisha jiwe, lizungushe mpaka shimo lipotee.

Kabla ya kunoa, lowesha jiwe kwa maji. Maji yanaondoa unga wa chuma usizibe jiwe. Ukishachagua maji, baki na maji. Ukipaka mafuta leo na maji kesho, jiwe litaziba na halitakula chuma tena.

5. Kunoa kisu, hatua kwa hatua

Hatua ya 1. Tazama makali chini ya mwanga. Elekeza ukingo juu kwenye jua la dirishani. Ukiona mstari mweupe unaong'aa, pale ni butu. Makali mazuri hayaonyeshi mwanga. Usipitishe kidole juu ya makali kujaribu, ile ni tabia ya kujionyesha.

Hatua ya 2. Chagua pembe. Kwa ngozi, pembe ya digrii 15 kila upande inafaa. Kwa mpira wa gari, digrii 20, kwa sababu makali membamba sana yatavunjika. Utajuaje pembe bila chombo cha kupimia? Matematike inasaidia: urefu wa kuinua mgongo wa kisu ni upana wa kisu mara sinus ya pembe. Kisu cha upana wa milimita 25, kwa digrii 15, unazidisha 25 kwa 0.259, unapata milimita 6.5 hivi. Kwa digrii 20, unazidisha 25 kwa 0.342, unapata milimita 8.5 hivi. Basi chonga kijiti cha unene ule, kiweke chini ya mgongo wa kisu, mkono uzoee, halafu kiondoe.

Hatua ya 3. Anza upande wa jiwe unaokwaruza. Sukuma kisu mbele kama mtu anayetaka kukata kipande chembamba juu ya jiwe, kuanzia kwenye mpini mpaka ncha. Pembe isibadilike. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanaanza na digrii 15, wanamaliza na 30, makali yanakuwa mviringo. Afadhali polepole mara kumi kuliko mbio mara mia.

Hatua ya 4. Endelea upande mmoja tu mpaka usikie ndevu. Ndevu ni uzi mwembamba sana wa chuma unaojikunja upande wa pili wa makali. Utausikia kwa kupitisha kidole kutoka mgongo kwenda nje, kamwe sio kwa urefu wa makali. Ndevu zikionekana urefu wote, maana yake mabapa mawili yamekutana. Zisipoonekana, bado, usihamie upande wa pili.

Hatua ya 5. Geuza kisu, fanya vile vile upande wa pili.

Hatua ya 6. Hamia jiwe laini. Sasa kandamiza kidogo tu, na ubadilishe upande kila mara: mmoja kulia, mmoja kushoto. Ndevu zitapungua.

Hatua ya 7. Mkanda. Chukua kipande cha ngozi nene, kigandishe juu ya ubao kwa kola, upande wa nyama ukiwa juu. Paka majivu ya kuni yaliyochujwa kwa kitambaa chembamba, au unga wa kung'arishia chuma kama upo. Vuta kisu kwa kurudi nyuma, mgongo ukitangulia, mara 10 mpaka 20 kila upande. Ukisukuma mbele utakata mkanda, na mkanda wenyewe ni ngozi, nayo ni chache, tumesema.

Hatua ya 8. Jaribu kwenye kipande cha karatasi ya daftari iliyokwisha kutumika. Kisu kizuri kinashuka bila kurarua.

Mwenye kutumia mkanda kila asubuhi kabla ya kazi hatahitaji jiwe mara nyingi. Tufanye hesabu nyingine. Tuseme kisu cha upana wa milimita 25 hakifai tena kikifika 15. Mtu anayesaga kisu chake ovyo na kupoteza nusu milimita kila juma, kisu chake kitakwisha kwa majuma 20, yaani kabla mwaka wa masomo haujaisha. Anayepoteza nusu milimita kwa mwezi atakuwa nacho miezi 20. Chuma ni kile kile.

6. Gurudumu la kusagia

Pale mjini, kwa watu wa kuunganisha vyuma, kuna gurudumu la motori. Wengine wanapeleka kisu pale, cheche zinaruka, wanarudi wamefurahi. Siku mbili, kisu butu tena. Sababu ni moto. Chuma cha kisu kilipewa ugumu kwa kutiwa motoni na kupozwa kwa kipimo. Kikisagwa kikapata joto, kinabadilika rangi: kwenye digrii 220 hivi kinakuwa cha manjano, kwenye digrii 300 hivi kinakuwa bluu. Ukiona bluu kwenye makali, ugumu umepungua pale, na hakuna jiwe litakaloweza kuurudisha. Itabidi ule chuma mpaka upite sehemu ile.

Basi kama ni lazima kutumia gurudumu, kwa mfano kisu kimevunjika meno, gusa kidogo, chovya majini, gusa, chovya. Kama kidole chako hakiwezi kuvumilia joto la kisu, nacho kisu hakiwezi. Na macho yakingwe kwa miwani. Cheche haziombi ruhusa.

7. Sindano, kitoboleo na nyundo

Sindano haitakiwi kuwa kali tu, iwe laini pia. Inolewe kwa kuizungusha juu ya jiwe laini, halafu juu ya mkanda mpaka ing'ae. Sindano yenye mikwaruzo inashika ngozi na kuvunjika. Ile yenye kishimo au ndoana ya kuvutia uzi, pitisha uzi wenye majivu ndani ya ndoana mara nyingi, maana ndoana yenye kingo kali inakata uzi, na wewe utasema uzi ni mbaya. Ukiacha kazi, choma ncha yake ndani ya kizibo au kipande cha shina la mgomba kilichokauka vizuri. Kisiwe kibichi, kitaleta kutu.

Kitoboleo kinanolewa upande wa nje peke yake, kwa kukizungusha juu ya jiwe. Ndani unapitisha msasa uliokunjwa kama sigara, kuondoa ndevu. Ukitoboa, weka ubao chini. Aliyetoboa juu ya saruji au juu ya mguu wa chuma ameua kitoboleo kwa pigo moja.

Nyundo nayo ina uso. Uso wenye makovu unaandika makovu yale yale juu ya ngozi. Usawazishe kwa tupa, umalize kwa msasa. Na kichwa kikicheza juu ya mpini, pigilia kabari. Kukilowesha majini ni dawa ya siku moja: mti ukikauka unasinyaa, kichwa kinaruka tena.

8. Mpira wa gari

Kwa kuwa soli nyingi za huku zinatoka kwenye mipira mizee ya magari, tuseme neno. Mipira mingi ya leo ina nyaya za chuma chini ya sehemu inayokanyaga njia. Kisu kikigusa waya, makali yanapata meno. Kwa hiyo chunguza ukingo wa mpira kabla ya kukata. Mpira wa gari dogo, pembeni mwake mara nyingi kuna nyuzi za nguo peke yake, ingawa kwenye mdomo unaoshika rimu kuna chuma. Mpira wa lori unaweza kuwa na chuma hata pembeni. Tena lowesha kisu kwa maji ya sabuni wakati wa kukata, raba haitakishika. Na uwe na visu viwili: kimoja cha mpira, kimoja cha ngozi. Usivichanganye.

9. Kutu

Kutu inataka vitu viwili, hewa na maji, na chumvi inaisaidia kwenda mbio. Kwetu mvua inaanza karibu na mwezi wa 9 mpaka mwezi wa 5, hivyo maji hayakosekani. Chumvi nayo iko katika jasho la mikono, na katika ngozi mbichi iliyotiwa chumvi isioze. Kwa hiyo:

- Baada ya kazi, futa kila chombo kwa kitambaa kikavu.

- Paka mafuta kidogo sana. Vazelini inafaa. Mafuta ya mawese yanaweza kusaidia kama yamechemshwa maji yakaisha na kuchujwa, lakini upake membamba na kufuta, maana yakikaa mengi yananata na kukusanya vumbi. Mafuta machafu ya motori hapana: yanatia doa ngozi.

- Usiache kisu juu ya ngozi yenye maji. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ina taninu, na taninu ikikutana na chuma na maji inafanya rangi nyeusi. Utaharibu kisu na ngozi pamoja.

- Usifungie vyombo ndani ya mfuko wa plastiki vikiwa na unyevu. Vitambaa vikavu ni bora.

- Kutu ikiisha kuingia, iondoe kwa majivu na mafuta kidogo juu ya kitambaa, kabla haijachimba.

10. Ukijikata

Usijaribu kudaka kisu kinachoanguka. Ruka nyuma, kiache kianguke. Ukimpa mwenzako kisu, mpe mpini, au kiweke mezani akichukue mwenyewe. Kata kwa kuvuta upande ambao mkono wako haupo.

Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi mpaka isimame, osha jeraha kwa maji na sabuni, halafu nenda kituo cha afya, hasa kama jeraha ni la sindano au la chombo kilichoanguka chini. Pepopunda inaingia kwa jeraha jembamba lenye kina, na jeraha la sindano linaonekana dogo, mtu analidharau. Kinga yake ni chanjo. Uliza kama umepata. Na chombo chenye damu ya mtu kioshwe vizuri kabla mwingine hajakishika, kwa sababu kuna magonjwa yanayopitia damu.

11. Sheria za chumba cha kazi

Mimi kama mkubwa wa wanafunzi nimeombwa kukumbusha sheria, na nitazibandika mlangoni. Visu tulivyo navyo ni vya wote, na kabla mwaka haujaisha hatutapata vingine.

Moja: wa mwisho kutumia ndiye anoe. Usiseme, nilikikuta butu. Mbili: kisu cha ngozi hakikati kamba ya mihogo, hakichongi penseli, hakifungui kopo. Tatu: kila Jumamosi wawili watahesabu vyombo na kuvipaka mafuta, mdogo na mkubwa pamoja, ili mdogo ajifunze. Nne: aliyevunja aseme siku ile ile. Hatapigiwa kelele. Aliyeficha ndiye atakayeulizwa.

Sisi wa darasa la mwisho tunaondoka. Baada ya mtihani wa Eta wengine watakwenda Kindu au Bukavu, wengine watabaki, wengine wataitwa na machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila na Namoya. Hata kule machimboni watu wanavaa viatu na viatu vinapasuka, na mwenye kisu kikali na sindano laini hatakosa mtu wa kukaa mbele yake. Lakini visu hivi vitabaki hapa, na wadogo zetu watavikuta jinsi tulivyoviacha.

MAULIZO

1. Kisu cha upana wa milimita 30 kinanolewa kwa digrii 15. Mgongo uinuliwe milimita ngapi?

2. Ndevu za chuma ni nini, na zinatufundisha nini?

3. Kwa nini makali yaliyogeuka bluu hayafai?

4. Taja sababu mbili za kuwa na kisu cha mpira na kisu cha ngozi mbalimbali.

5. Kazi ya kufanya: kila darasa lilete jiwe moja la mtoni lililosawazishwa, na kisu kimoja cha nyumbani kilichonolewa. Tutajaribu juu ya karatasi, mbele ya wote.

Majibu yaletwe kwangu kabla ya Jumamosi. Mwenye kuleta kisu akifunge ndani ya kitambaa kinene.

Ni mimi, mkubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho.